Uso ni wa Mlima, Kinywa ni Chako

Mwezi huu napenda tuzungumze habari ya jambo dogo, jambo la njiani. Najua wengine watasema, "Mwalimu amekosa la kuandika, sasa atuletea habari za baisikeli." Walakini ugomvi wa jirani mara nyingi huanza katika mambo madogo, kama vile moto wa msituni uanzavyo kwa kaa moja. Nami nimeona kwa macho yangu nyumba mbili zikikaa majuma sita pasipo kuombana hata chumvi, na sababu yake ilikuwa uso wa mtu mmoja apandaye mlima kwa baisikeli. Mtu yule ndiye mimi.

Kwetu Masasi njia za miguu ni nyingi kuliko barabara. Njia moja yatoka kisimani bondeni, yapita katikati ya mikorosho, yapanda mlima mfupi lakini mkali, hata yafika kanisani na shuleni. Upana wake haupati hatua mbili. Katika njia hiyo hupita akina mama wenye ndoo vichwani, watoto waendao shule, mbuzi, wazee wenye mikongojo, na wapanda baisikeli wenye magunia ya korosho au madumu ya maji. Na siku hizi pikipiki nazo hupita. Hakuna alama, wala askari wa kuongoza watu. Sheria yake ni moja tu, nayo haikuandikwa: watu wakutanapo sharti wasalimiane. Mdogo humwamkia mkubwa, mkubwa humwitikia, kisha huulizana habari za nyumbani, za kazi, na za watoto. Mtu apitaye kimya, wenziwe hubaki wakiulizana, "Huyu tumemkosea nini?"

Basi mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, wakati wa kuokota korosho, nalikuwa nikirudi ng'ambo ya bonde kumtazama mgonjwa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na saa nane wanafunzi wangu walikuwa wakiningoja. Nyuma ya baisikeli nalikuwa nimefunga sanduku la vitabu. Nilipofika chini ya mlima nikakaza miguu, maana baisikeli ikisimama katikati ya mlima ule, kuipanda tena haiwezekani. Sharti mtu ashuke, asukume hata juu. Katikati ya mlima palikuwa na mzee mmoja, jirani yangu, amesimama chini ya mkorosho. Umri wake wapita wangu kwa miaka thelathini. Sikumwona mpaka nalipokuwa karibu naye kabisa. Jasho lilikuwa limeniingia machoni, na pumzi yote ilikuwa imekwenda miguuni. Nalitaka kusema "Shikamoo," neno halikutoka. Nikainua kidevu kidogo, nikapita. Moyoni nikasema, "Mzee ameelewa." Nami nikalisahau jambo lile kabla sijafika shuleni.

Juma la kwanza mjukuu wake hakuja darasani. Juma la pili kinu chetu, kilichoazimwa na mkewe, kikarudishwa na mtoto pasipo neno lo lote, wala hawakuja kukiazima tena. Juma la tatu nikakutana na mzee dukani. Nikamwamkia, akaitika kwa sauti ya chini, uso wake mkavu kama gome la mti. Nikasema moyoni, "Mzee huyu amekuwa na kiburi. Labda korosho zake zimempa fedha." Nami nikaukausha uso wangu. Naye alipouona uso wangu mkavu akasema moyoni mwake, "Ndiyo, sikukosea, mtu huyu anidharau." Hivyo kila mmoja wetu aliokota kuni katika uso wa mwenziwe, akazitia katika moto wake mwenyewe.

Habari yenyewe ilifunuliwa kisimani. Mke wa mzee alimwambia mke wangu, "Mumeo alimkunjia uso mzee wangu njiani, akampita kama apitavyo kisiki, hata shikamoo asimpe. Tumewakosea nini?" Mke wangu akaja mbio, ndoo imejaa nusu, akaniuliza. Kwanza nalishangaa. Pili nalikasirika, nikasema, "Sikumkunjia uso mtu ye yote!" Tatu nalikumbuka mlima, na mkorosho, na kile kidevu nilichokiinua. Hapo nikanyamaza.

Jioni ile tukaenda, mimi na mke wangu. Tukapiga hodi. Mzee akajibu, "Karibuni," lakini hakuinuka mkekani.

Nikasema, "Shikamoo, babu."

Akakaa kitambo, kisha akasema, "Marahaba. Leo kinywa umekiona?"

Nikamweleza habari yote: mlima, jua, sanduku, na pumzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Maneno ya mtu aliyesoma ni mengi," akasema. "Mimi naliona uso. Nyusi zilikuwa zimekutana, meno yamefungwa, macho madogo. Uso ule naujua, ni uso wa mtu mwenye hasira. Tena ulinitazama."

Nikasema, "Nalikutazama, babu, lakini hasira sikuwa nayo."

Akafikiri. Mwisho akasema, "Kesho uje mlimani na baisikeli yako, na sanduku lako liwe juu yake kama siku ile. Upande mbele yangu, nami nitakutazama."

Wapenzi, mtu mzima aliyezoea kufundisha wenziwe haoni raha kutahiniwa mbele ya watoto. Walakini nalikwenda. Mzee alikuwa amekwisha simama chini ya mkorosho wake, na wajukuu zake wanne pamoja naye. Nikapanda. Nilipofika juu, kabla sijashuka, nikasikia kicheko nyuma yangu, kicheko cha mzee hata akakohoa. "Kumbe!" akapaza sauti, "uso ni ule ule! Waugombeza mlima!"

Akaja polepole hata aliposimama karibu nami. Hapo aliacha kucheka, akaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii. Alisema, "Sikiliza, Mwalimu. Uso ule ni wa mlima, nami nimekusamehe. Lakini kinywa ni chako. Ungalitoa hata sauti moja, nisingalilala na uchungu majuma sita."

Kesho yake mjukuu akarudi darasani, na kinu kikaazimwa tena.

Tangu siku ile nalitaka kujua kwa nini uso wa mtu afanyaye kazi nzito hufanana na uso wa mtu mwenye hasira. Nikaona kwamba wenye elimu wamelichungua jambo hili zamani. Charles Darwin, Mwingereza, alitoa kitabu mwaka 1872 juu ya jinsi watu na wanyama wanavyoonyesha yaliyo mioyoni mwao. Katika kitabu hicho alieleza kwamba kukunja nyusi si alama ya hasira peke yake. Mtu hukunja nyusi akutanapo na jambo gumu, ama katika kufikiri ama katika kutenda. Mtoto atiaye uzi katika tundu la sindano hukunja nyusi. Mwanafunzi akutanaye na hesabu ngumu hukunja nyusi. Wala hawakumkasirikia mtu.

Katika siku zetu hizi jambo hilo limepimwa kwa vyombo. Wataalamu wawili, Helma de Morree na Samuele Marcora, waliweka vipande vidogo vya kupimia umeme wa misuli juu ya nyusi za watu. Mwaka 2010 walitangaza habari za watu walioinua vitu vizito kwa miguu. Uzito ulipozidi, misuli ya nyusi ilizidi kukaza, ingawa kazi yote ilikuwa ya miguu. Mwaka 2012 wakatangaza habari za watu waliopanda baisikeli, wakaona vivyo hivyo: kazi ilipokuwa kali, misuli ya nyusi ilikwenda pamoja na jinsi mtu alivyojiona kulemewa. Basi mzee wangu hakukosea alipoona nyusi zangu zimekutana. Aliona kweli kabisa. Alikosea katika kusoma maana yake tu.

Tena yako mambo mengine ya njiani yaongezayo kosa hilo. Jua likipiga usoni, mtu hufinya macho. Vumbi likivuma, hufunga midomo. Upepo ukimpiga, machozi humtoka. Apitaye chini ya miti huinamisha kichwa kwa kuogopa matawi. Na njia ikiwa na mawe na mizizi, hutazama chini mbele ya gurudumu, asimtazame mtu, maana akikosa jiwe moja ataanguka. Mtu atembeaye kwa miguu, akiona macho yaliyofinywa, midomo iliyofungwa, na kichwa kilichoinama, husema, "Mtu huyu hataki kuniona."

Walimu, tufanye na hesabu kidogo. Mtu atembeaye kwa mwendo wa kawaida huenda kama kilometa 5 kwa saa. Mwenye baisikeli huweza kwenda kilometa 15 kwa saa. Wakija uso kwa uso, wakaribiana kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, ndiyo kama meta tano na nusu kwa kila nukta moja ya saa. Wakionana wakiwa meta 20 mbali, watapishana kabla ya nukta nne kwisha. Je, katika nukta nne utamwamkia mtu, aitike, umwulize habari za nyumbani, akujibu, umwulize watoto? Haiwezekani. Salamu zetu zilifanywa na watu waendao kwa miguu, nazo zafaa mwendo wa miguu. Baisikeli imetupa haraka, lakini haikutupa salamu mpya. Ndiyo maana watu wengi hubaki na salamu nusu mkononi, na nusu iliyobaki huijaza kwa dhana.

Sasa sharti niungame kosa langu jingine, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nilipokuwa nikisoma habari hizi nalimkumbuka kijana mmoja achukuaye maji. Kazi yake ni kujaza madumu kisimani, kuyafunga juu ya baisikeli, na kuwauzia watu wa juu. Asubuhi mimi hushuka mlima, naye hupanda. Mimi nimo katika baridi ya upepo, miguu imetulia, meno nje, nasema, "Hujambo, kijana! Habari za asubuhi?" Yeye hapana neno. Hupita ameinama, uso umekunjwa, hata mkono hauinui. Hivyo siku nyingi. Siku moja, mbele ya darasa zima, nikifundisha habari za adabu, nikamtaja. Nalisema, "Msiwe kama yule muuza maji, asiyejua kuitika salamu ya mkubwa wake."

Watoto husikia, na watoto huchukua habari. Baada ya siku chache kijana yule aliiacha njia yetu, akawa akizunguka kwa njia ndefu ya upande wa pili. Nyumba zote zilizo kando ya njia yetu, pamoja na nyumba za wajane wawili wasioweza kuteremka kisimani, zikakosa maji mlangoni. Nami nalisema, "Kumbe ni mvivu pia."

Baada ya yule mzee kunitahini mlimani, nikaenda kumtafuta kijana yule. Nalimkuta kisimani akifunga madumu yake. Nikayahesabu: madumu manne, kila moja la lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi ni kilo 80, uzito wa mtu mzima mwenye mwili mkubwa. Nikamwomba nijaribu. Sikufika hata mikorosho ya kwanza. Usukani ulinivuta huku na huku kama ng'ombe asiyezoea kamba, na mara mbili madumu yalikaribia kuniangusha.

Nikamwambia, "Mwanangu, nalikusema vibaya mbele ya watoto, nami nimekuja kuomba radhi."

Akatazama chini, akasema, "Mwalimu, salamu zako nalizisikia zote. Nikijibu, pumzi yaniishia. Nikiinua mkono, naanguka na maji ya watu. Nalikuwa nikiitika moyoni. Lakini nalipoambiwa umenitaja darasani, naliona haya kupita pale."

Kuitika moyoni! Ni salamu ngapi zilizoitikwa moyoni, nasi tumezihesabu kuwa matusi? Wasomaji wa Biblia mwakumbuka habari za Hana, alipokuwa akiomba katika nyumba ya Bwana. Kuhani Eli alitazama midomo yake, akaiona ikitikisika pasipo sauti, akamdhania amelewa, akamkemea. Eli alikuwa mzee, tena mtu wa kazi takatifu, aliyezoea kuwaona watu waombao. Walakini aliusoma vibaya uso wa mwanamke mwenye huzuni. Lakini Eli, alipokwisha kusikia maneno yake, alimrudishia maneno ya amani papo hapo. Mimi nalichukua miezi.

Jumatatu ile nikasimama mbele ya darasa lile lile, nikawaambia watoto kwamba nalikosea. Kijana akarudi katika njia yetu. Siku hizi apandapo, mimi humwambia tu, "Pole na mlima!" wala simngojei kujibu. Afikapo juu, baada ya kushusha madumu, yeye mwenyewe hunitafuta na kuniamkia vizuri sana.

Msidhani kwamba kosa hili ni la Masasi peke yake. Huko Uingereza na Marekani lilipata kuwa jambo kubwa hata likapewa jina. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baisikeli ya magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, mfano wa hizi tupandazo leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, akatengeneza mpira wenye upepo ndani. Baisikeli ikawa nyepesi, na katika miaka ya 1890 wanawake wengi wakaanza kuipanda. Hapo magazeti na madaktari wengine wakaanza kusema kwamba kuna ugonjwa mpya, waliouita uso wa baisikeli. Walisema mpanda baisikeli huharibika uso, midomo hukazika, macho hutoka, na sura huwa ya wasiwasi. Daktari Arthur Shadwell aliandika habari hizo mwaka 1897, akasema kwamba zatoka katika taabu ya kujizuia mtu asianguke. Maneno hayo yalitumiwa sana kuwatisha wanawake waiache baisikeli, wasije wakapoteza uzuri wao.

Mwaka uo huo maneno ya daktari mwanamke wa Chicago, jina lake Sarah Hackett Stevenson, yalichapishwa, nayo yalitoa jibu la akili. Alisema kwamba uso ule wa wasiwasi huonekana kwa wanaoanza kujifunza tu, kwa kuwa hawajawa na hakika. Mtu akisha kuzoea, uso ule huondoka. Maneno hayo ni ya kweli, na kila mmoja wetu aliyejifunza baisikeli utotoni, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la juu, ajua hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na hofu ya kuanguka, basi.

Nawaandikia habari hizi kwa sababu namsikia hata leo mtu akisema juu ya binti aendaye shule kwa baisikeli, "Mtazame uso wake, hana adabu, amekuwa mkavu." Binti yule ametoka nyumbani alfajiri, anachunga mchanga, mawe, mbuzi, na pikipiki, tena achelea kengele ya shule. Uso wake ni wa njia. Tukimwita mkavu, labda baba yake atasikia, ataiuza baisikeli, na binti atatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, au ataacha shule. Wenye kusema neno hilo hawatamlipia saa zake zilizopotea.

Hata leo Waingereza wanalo jambo hili katika njia zao zitumiwazo na wote. Sheria yao ya mwaka 1968 iliwaruhusu wapanda baisikeli katika Uingereza na Wales kupita katika njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha watu wa miguu na wapanda farasi. Kati ya mwaka 1979 na 1986 iliundwa njia moja kutoka Bristol mpaka Bath, mahali palipokuwa na reli ya zamani. Urefu wake ni kama kilometa 21, na watu wa miguu na wa baisikeli huitumia pamoja. Katika njia za namna hiyo watu hubishana hata juu ya kengele. Mmoja aisikiapo husema, "Ahsante, amenijulisha." Mwingine husema, "Huyu anifukuza kama kuku." Kengele ni ile ile. Kwetu nako ndivyo ilivyo. Kengele, kama uso, haina maneno. Mwenye kusikia ndiye atiaye maneno ndani yake. Kwa hiyo, mahali penye watu wachache, sauti ya mtu ni bora kuliko kengele, na kengele ikifuatwa na sauti ni bora zaidi.

Basi nitoe mashauri machache, niliyozungumza na yule mzee wangu, naye ameyakubali.

Kwanza, kwa apandaye baisikeli. Ukiona mtu mbele, toa salamu mapema, kabla pumzi haijakwisha, nayo iwe fupi. "Shikamoo!" yatosha. Ukiwa huna hata pumzi ya neno hilo, fika juu, simama, geuka, umwamkie kutoka huko. Hakuna mzee atakayeona vibaya kuamkiwa nyuma. Wengi hufurahi zaidi, maana waona umesimama kwa ajili yao. Na ukimkuta mzee mwenye mkongojo, au mama mwenye mzigo kichwani, mahali njia ilipo nyembamba, shuka.

Pili, kwa ateremkaye. Desturi yetu ni mdogo kuanza. Lakini mlimani mzee amekubali tuongeze kanuni moja: mwenye pumzi ndiye aanze, naye asidai kujibiwa. Ateremkaye ana pumzi, ana upepo, ana na nafasi ya kuchagua njia. Amwachie apandaye upande ulio mzuri, amwambie neno la kumtia moyo, apite.

Tatu, kwa aendaye kwa miguu. Ukiona uso uliokunjwa, utazame kwanza mlima, utazame jua, utazame mzigo. Kama hivyo vyote havipo, bado usihukumu; labda mtu ana jino limuumalo, au ana mgonjwa nyumbani. Wazee wetu walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Asiyejua msitu huuliza njia.

Nne, kwa watu wote. Ukiona umepitwa pasipo salamu, usilale na jambo hilo juma zima. Nenda ukaulize, tena ukaulize kwa mwenyewe, si kwa jirani yake. Mimi na mzee tungalimaliza habari ile siku ile ile, kama mmoja wetu angalivuka uwanja wa hatua mia.

Tano, kwa wazazi na walimu. Liko zoezi moja lifaalo watoto. Chagua watoto wanne, wape kila mmoja ndoo ya maji ya kiasi cha nguvu zake, wapandishe mahali palipoinuka. Wengine watazame nyuso zao, waseme kila mmoja ana nini moyoni. Watasema, "Huyu amekasirika, huyu ataka kulia, huyu ana kiburi." Kisha waulize wale wenye ndoo walikuwa wakifikiri nini. Nilipofanya hivyo darasani kwangu, mmoja alisema alikuwa akiwaza chakula cha mchana. Watoto walicheka sana, wala sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Mzee yule yu hai, na mkorosho wake bado wazaa. Hukaa chini yake siku nyingi, na anionapo naja kutoka bondeni huinua mkongojo wake, hunipigia kelele, "Mlima huo, Mwalimu!" Nami, kwa pumzi ile niliyo nayo, nikiwa na nyusi zilizokutana na meno yaliyofungwa, huyafungua meno hayo kwa neno moja tu: "Shikamoo!" Kisha husikia "Marahaba" yake nyuma yangu, nimekwisha kumpita.